Waacheni Walale

Wifi yangu Mwanasaumu alikuwa na mikono miwili kama binadamu wote, lakini mwaka ule alilima kama mwenye minne. Mimi ni dada wa mumewe, na katika dunia hii wifi hatarajiwi kumsifu wifi, kwa hivyo nikisema alilima, niaminini. Alitoka akishasali alfajiri, akarudi jua la utosi na matope mpaka magotini, akapika, akala amesimama, akarudi tena shambani. Mama yetu, Bi Barke, alimtazama kutoka barazani akaniambia, "Salme, mke wa nduguyo atakufa na jembe mkononi, na watu watasema sisi ndio tulomuua."

"Mwache, mama," nikamjibu. "Yuamlimia Ishaka."

Ishaka ni ndugu yangu wa tumbo moja, na ndiye mwanamume pekee aliyebaki nyumbani kwetu Timbwani baada ya baba kufa, na baada ya mimi kuachika na kurudi na sanduku langu. Alikuwa dreva. Miaka mingi aliendesha lori la tajiri mmoja wa hapa Likoni, akipeleka nazi na mbata mpaka kwenye feri. Asubuhi aliondoka, magharibi tulimsikia akikohoa mlangoni, maana kikohozi ndicho kilikuwa hodi yake. Tajiri akafa, wanawe wakauza lori, Ishaka akakaa barazani akitazama wapita njia. Kisha masika yakakataa kunyesha. Mahindi yalikufa yangali mafupi, na mtaa mzima tukawa tunapanga foleni ya unga wa mahindi ya njano ya msaada, yaliyoletwa na meli. Mimi sitii ila chakula, lakini unga ule ulinuka gunia. Ndipo aliposikia kuwa wanataka madreva wa magari ya kupigia nzige dawa huko bara. Alikwenda kwa sababu ya njaa, si kwa kupenda.

Kazi hiyo haina nyumba. Leo tulisikia yuko Tana, kesho Taita, mara kavuka kwa Wasomali. Nzige hawana kwao, na anayewafuata naye hana kwao. Mshahara aliutuma, haki ya Mungu hakukosa, na sisi tuliununulia unga ule ule wa gunia.

Alirudi mara moja tu, siku za Maulidi, amekonda, macho mekundu. Usiku wa kwanza aliongea kidogo. Siku ya pili tulipokuwa tunakula mchana alilisukuma sinia pembeni akatutazama sote watatu.

"Nisikizeni," alisema. "Mimi sikuoa nikalale chini ya lori. Panda, Mwanasaumu. Vuli ikija, panda shamba zima, usibakishe hata penye kichuguu. Siku uchaga wetu utakapojaa, chakula cha mwaka kiwe juu ya vichwa vyetu, mimi simuulizi mtu. Nampa mkubwa wangu funguo zake, narudi. Mshahara wa nini ikiwa kula tunakula?"

Uchaga ni ile dari ya fito juu ya mafiga, ambapo mahindi hupandishwa yakapata moshi yasiingie wadudu. Wetu ulikuwa mtupu. Mama aliuinulia macho, akaitikia amina kana kwamba mtu ameomba dua.

Sijui kama wanaume wanajua wanachokifanya wanaposema maneno kama yale kisha wakaenda zao. Yeye aliondoka kesho yake. Mwanasaumu alibaki na ahadi, na ahadi ikamla. Kila Alhamisi aliifua kanzu ya Ishaka, akaianika, akaipiga pasi, akaitundika. Haikuwa imevaliwa na mtu.

"Wifi," nilimwambia, "kanzu hiyo itaishia kwenye beseni kabla ya kuishia mwilini."

"Ijumaa moja atatokea ghafula," akajibu. "Sitaki nikaaibika."

Vuli ile ilikuja, na ilikuja kwa hasira. Masika yalitunyima, vuli ikatumwagia ya mwaka mzima mara moja. Barabara za bara zilikatika, reli ikakatika, na kwa muda Mombasa nzima haikupata unga kutoka juu. Kule kisiwani watu walikuwa wakibishana habari za Mwambao, pwani ijitenge au isijitenge, na bendera gani ipandishwe, na huku ng'ambo yetu tulibishana nani ana muhogo. Mwanamke mwenye muhogo aliamkiwa na watu asiowajua. Lakini mashamba, mashallah. Shamba letu liko mwisho kabisa wa Timbwani, upande unaotazama Kwale, na ardhi yake ni ya mchanga inayopenda mvua nyingi. Mahindi ya Mwanasaumu yalipanda mpaka yakampita kichwa. Yakatoa ndevu, yakaanza kujaza. Jioni alipita katikati ya mistari akayashikashika kwa vidole kupima punje, na nikimwita haitiki.

"Bado kidogo tu," aliniambia siku moja, na uso wake ulikuwa wa msichana. "Wiki chache, wifi. Hatarudi nyuma na neno lake, sivyo?"

"Ishaka? Hata alipokuwa mdogo hakuwa mwongo. Alikuwa mchafu tu."

Tukacheka. Nami nilikuwa na hamu na ndugu yangu. Simsemei wifi yangu peke yake. Nyumba ya wanawake watatu ina sauti yake, na mimi nilichoka kuisikiliza. Nilitaka kile kikohozi mlangoni.

Katika siku hizo ndipo alipotufikia Kadzo, mwanamke wa Kiduruma kutoka upande wa Kinango, na watoto wawili na mbuzi mmoja. Mzee Sheikhan, jirani yetu anayepakana nasi mashamba, alimpa kibanda kwenye mpaka ili amsaidie kupalilia. Nilipomuuliza kwao kuna nini, alisema, "Kuna ardhi, dada. Ardhi tu."

Nzige walikuwa wameingia kwao mara mbili. Alitusimulia ameketi juu ya kinu kilicholazwa, akimenya muhogo, bila kuinua macho.

"Walikuja jioni kwa akina kaka yangu. Wakapigiwa madebe, wakaruka, wakaja kwetu. Nasi tukapiga, wakaenda mbele. Kule mbele wakapigwa, wakarudi. Walizunguka hivyo siku nyingi, kila mtu akimtupia mwenziwe, mpaka hakukubaki kwa kutupiana. Lori la dawa lilikuwa likiwafuata nyuma. Likifika, wameshaondoka. Wale watu wa lori walitulilia. Walisema nzige akiruka hawamwezi. Ni mpaka alale. Akilala usiku, alfajiri mwili wake una umande, hana nguvu za kuruka, hapo ndipo dawa humpata. Dreva wao mmoja alipanda juu ya boneti akasema, 'Jamani, waacheni walale. Shamba moja tu, usiku mmoja tu, tuwamalize.' Nani amwachie? Kila mmoja alisema, si langu."

Mwanasaumu alikuwa amesimama mlangoni. "Dreva huyo ni mtu wa wapi?"

"Wa pwani. Asema kama nyinyi. Mwembamba. Sauti ilikuwa imemkauka kwa kupiga kelele."

"Ana kovu hapa?" Akajigusa chini ya jicho.

Kadzo akainua macho kwa mara ya kwanza. "Ndiyo. Hapo hapo."

Wifi yangu aliingia ndani. Nilipomfuata nilimkuta amekaa kitandani, mikono mapajani. "Alipanda juu ya gari akawalilia watu," alisema, "na hakuna aliyemsikiza. Hata mmoja." Nikaketi ubavuni pake. Na mimi ningalipiga debe.

Siku zile tulijua nzige wanakaribia, kwa vile wasafiri wa Kwale walivileta vijineno kila siku. Siku yenyewe walikuja baada ya alasiri. Kwa mbali ulidhani watu wanachoma nyasi, na sote tuliotazama tukakumbuka kuwa nyasi hazichomeki kwa mvua ile. Halikuwa kundi la kufunika mji. Lilikuwa la kufunika mashamba yetu, na hilo latosha.

Hapa lazima nieleze desturi yetu. Nzige wakitokea, mwenye shamba la kwanza wanakotokea ndiye huanza kupiga. Wengine wote husimama kwenye mipaka yao na vyombo vyao mkononi, wakangoja. Akianza, wa pili ampokee, na wa tatu, na kelele zisambae mpaka bondeni, ili nzige wasipate pa kutua. "Piteni, hapa pana wenyewe," ndiyo tuliyokuwa tukiwaambia. Kupiga kabla ya mwenye mpaka ni utovu wa adabu, maana ni kama kuwasukuma nzige shambani mwake. Na upande wa Kwale, shamba la kwanza lilikuwa letu.

Basi sote tulikuwa pale. Mzee Sheikhan na sufuria kubwa ya pilau, mwanawe Ghalib na bati, majirani wengine na madebe na masinia mpaka kule mwisho. Mimi nina debe la mafuta ya taa, mama na kinu kidogo cha shaba. Tulimtazama Mwanasaumu. Alikuwa na sinia mkono mmoja na mti mkono wa pili. Nzige wa mbele walianza kuanguka kwenye majani, mmoja mmoja, kama matone mazito ya kwanza ya mvua.

Hakupiga.

"Piga, mwanangu," Mzee Sheikhan akamwambia kwa upole.

Akaliweka sinia chini. "Baba Sheikhan, pigeni kwenu. Pigeni kwa nguvu wasivuke mpaka. Kwangu waacheni walale."

Nadhani kwa muda hakuna aliyemwelewa. Kisha Mzee Sheikhan akaelewa, na upole ukamtoka. "Hao kesho wataamka na njaa, na wa kwanza kuliwa nitakuwa mimi."

"Kesho lori la dawa la kina Ishaka litakuwa hapa. Wasafiri wa mchana wamesema limekwama matopeni Waa. Ghalib ana baiskeli. Akiondoka sasa awahi magharibi, awaambie nzige wamelala Timbwani kwa Mwanasaumu, hawatapigwa na mtu."

"Wewe huwazi nzige. Wewe wataka mume."

Maneno yale yalisemwa mbele ya watu wote, na kwa mwanamke wa kwetu ni maneno ya kumfanya ajifunike uso. Mwanasaumu hakujifunika. "Ndiyo," alisema. "Namtaka mume wangu. Mwaka mzima namtaka. Kuna ubaya?"

Nzige walikuwa wakizidi kuanguka.

Mama alimsogelea. "Na chakula, mwanangu? Chakula cha mwaka hicho."

"Mama, nzige wakisha, kazi imekwisha. Kazi ikisha, dreva huenda kwao. Akiwa nyumbani tutalima wawili." Machozi yalikuwa yakimtoka, lakini sauti ilikuwa kavu. "Aliwalilia watu, mama. Watu wasiomjua wakamkatalia. Na mimi nimkatalie?"

Mama alinigeukia mimi, kana kwamba mimi ndiye kadhi. Nilimtazama wifi yangu, nikayatazama mahindi yale yaliyokuwa yamebakisha wiki chache, na wallahi nilijua ni upumbavu, na moyo wangu wote ukawa upande wa upumbavu. Nikaweka debe chini. Ghalib alishapanda baiskeli.

Majirani walipiga kwenye mipaka yao mpaka mikono ikafa ganzi, na nzige, waliposikia kelele mbele na kimya hapa, wakatua wote hapa. Jua lilipokuwa linazama hatukuona tena jani la kijani. Kila bua lilikuwa limevaa nzige. Ukisimama ukanyamaza ulisikia wakila, na sauti yenyewe haikuwa kubwa. Ilikuwa kama watu wengi wanaotembea juu ya makuti makavu, hawafiki wanakokwenda. Baadhi ya majirani walikuja na magunia wakawazoa, kwani nzige ni halali kama samaki, na mama naye akawakaanga kikaango kimoja kwa chumvi na ndimu. Tuliwala. Ni watamu, nisiseme uongo. Mama alisema kama mahindi yetu yameingia matumboni mwao, basi angalau tuonje ladha yake.

Mwanasaumu hakula. Alikoga, akavaa leso mpya, akafukiza udi chumba kizima, akasuka upya nywele zake mwenyewe kwa kioo kidogo. Alikuwa akiimba chinichini. Nilikuwa sijamsikia akiimba tangu Maulidi.

Lori lilifika alfajiri, kabla jua halijatoka, likisukumwa na watu nusu ya njia. Wakashuka wanaume wamejifunga vitambaa usoni, pampu za dawa migongoni, wakaingia shambani kutoka pande zote bila kusema neno. Tulitambua mwendo wa Ishaka kabla ya kumtambua mwenyewe. Mwanasaumu alikimbia, na kina mama wa hapa hawakimbii mbele za watu. Alipobakisha mistari michache ya mahindi kumfikia, Ishaka akainua mkono.

"Simama hapo hapo. Usinikaribie. Nna dawa mwili mzima."

Akasimama. Walitazamana hivyo, na katikati yao mabua yaliyojaa nzige waliozubaa kwa umande. Mimi nilifikiri nitaona furaha. Kwa kile kitambaa sikuona kitu ila macho, na macho yake yalikuwa yakizunguka, kwenye kibanda cha Kadzo, kwenye mnazi wa mpakani, kwenye njia ya kwetu, kama mtu anayehesabu vitu vyake baada ya wezi.

"Ghalib alinambia Timbwani kwa Mwanasaumu," alisema. "Niliomba njia nzima awe Mwanasaumu mwengine."

Kisha akageuka, akaendelea na kazi, kwa kuwa jua halimngojei mtu.

Waliua kundi lote. Jua lilipopanda na umande ukakauka, walioweza kuruka walikuwa wachache, na majirani wakawamaliza kwa makuti. Ardhi ilikuwa imefunikwa, ukikanyaga unateleza. Mkubwa wa kikosi, mtu wa bara aitwaye Erastus, mrefu, mwenye kofia iliyopauka, alikuja kutushika mikono mmoja mmoja baada ya kunawa. Alifurahi mpaka alikuwa anasahau maneno.

"Mama," alimwambia Mwanasaumu, "mwaka mzima mimi natafuta mtu mmoja. Mtu mmoja tu wa kuniachia shamba. Kumbe mtu mwenyewe ni bibi ya dreva wangu. Hawa wangefika mpaka Kisauni na Malindi. Umewaokoa watu hutawajua." Akakataza mtu yeyote asiokote nzige wa pale, wala asilishe mbuzi majani, mpaka mvua ioshe. Kadzo alimchukua mbuzi wake akamfunga mbali.

Mwanasaumu aliitikia, akashukuru, lakini alikuwa akimtazama Ishaka. Mumewe alikuwa akipita katikati ya mistari peke yake. Hapakuwa na mistari tena, kusema kweli. Palikuwa na vijiti vilivyochongwa. Mahindi yaliliwa pamoja na maganda yake mpaka kwenye gunzi, na magunzi yenyewe yalitafunwa. Alilichukua moja, akaligeuzageuza, akalirudisha chini taratibu.

Erastus alimpa ruhusa mpaka adhuhuri. Alikoga nyuma ya ua kwa sabuni na majivu mara tatu, mama akimmiminia maji kama alivyommiminia alipokuwa mtoto, na akimgombeza kwa kukonda. Akavaa kanzu yake safi. Ikamning'inia. Tukampa uji, akanywa. Nilitaka kumuuliza mambo mengi, na nilichomuuliza ni kama bado anakohoa. Akacheka, akanivuta sikio. Basi, hilo nilipata.

Mwanasaumu alikuja kuketi ubavuni pake kwenye mkeka. Mimi na mama tungaliondoka, ndiyo adabu, lakini alitushika wote kwa neno lake la kwanza.

"Wamekwisha," alisema. "Sasa huna pa kwenda."

Ishaka aliichukua mikono ya mkewe, akaifungua viganja juu. Ilikuwa na sugu pande zote mbili, ngumu kama za mchukuzi wa bandarini. Aliipapasa kwa muda mrefu kwa kidole gumba.

"Hawa ndio walokwisha," akasema. "Kuna kundi jengine Tana, na wengine nyuma yao waliotaga. Erastus aondoka leo."

"Na wewe?"

Mama aliuangalia uchaga, halafu akatamani asingaliuangalia, akatazama mlango.

"Mwanasaumu," alisema ndugu yangu, "mimi nilikuwa nimeshamwambia Erastus. Tangu wiki iliyopita. Nilimwambia, mke wangu amepanda, mahindi yamekaribia, tafuta dreva. Alikubali. Alikuwa amepata kijana wa Mariakani, afundishwa kuendesha. Nilikuwa nahesabu. Sasa nitamwambia nini? Tutakula nini, hata niache kazi?"

Nilimwona wifi yangu akilitafuta neno lile, akiligeuza, akiliingiza kichwani polepole. Alichokitoa ili mumewe arudi ndicho kilichokuwa kikimrudisha. Uso ulimbadilika pale pale tukiutazama. Sijapata kuona kitu kibaya kama kile, na nimeona talaka yangu mwenyewe ikiandikwa.

"Ulisema waacheni walale," alimwambia, taratibu kabisa. "Kadzo alikusikia. Hukupata hata mmoja. Nikasema, nitampa mimi."

"Najua."

"Nilikupa nzige wako."

"Najua. Na wewe ndiwe pekee katika nchi hii ulonipa, na nitakufa nikijua hivyo." Sauti yake ilipasuka. "Lakini mimi nilikuwa nataka mahindi, Mwanasaumu. Kwa watu wengine niliomba nzige. Kwako nilikuwa nataka mahindi."

Hakumlaumu. Afadhali angalimlaumu, pangekuwa na la kujibu. Walikaa wameshikana mikono, na mimi nikamnyanyua mama kwa mkono tukatoka nje, tukawafungia mlango. Tuliketi barazani tukatazama njia. Mzee Sheikhan alipita, mahindi yake yakiwa mazima, akataka kusema jambo la shukrani. Mama akamwashiria apite tu.

Honi ilipigwa mara ya kwanza, mlango haukufunguka. Ilipigwa mara ya pili. Ishaka alitoka amevaa nguo zake za kazi, akainama akaubusu mkono wa mama, akaniambia, "Salme, mtazame." Kwamba nimtazame mkewe. Nilimwambia nitamtazama. Akakwea lori, na vijana wakalisukuma mpaka likashika barabara ya juu, na tulilisikia kwa muda mrefu likihangaika na matope.

Niliingia ndani nikitarajia kumkuta kitandani analia, na nilikuwa nimeshayapanga maneno ya kumwambia. Hakuwamo. Jembe halikuwamo. Nilimkuta shambani, leso mpya ameifunga kiunoni, anafagia nzige kwa makuti na kuwafukia, na penye ardhi iliyosafishwa ameshaanza kupiga mashimo. Kwenye ukingo alikuwa ameweka bakuli la mbegu alizoziomba kwa Kadzo na kwa Mzee Sheikhan na kwa yeyote aliyekuwa nazo, pojo, kunde, mtama, sijui nini, zimechanganyika zote.

"Wifi," nikamwambia, "vuli yaisha hii. Wapanda nini?"

Hakuacha kupiga jembe.

"Chochote kitakachoota upesi," alisema.